Tupeane uzoefu: ni tukio gani ulilikalia kitako mpaka likakubadilisha unavyoongoza watu?

MwanaMkomani (Lamu)

Assalamu alaykum jamaa, na wasiokuwa Waislamu hamjambo nyote.

Juzi nimechaguliwa tena mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama hapa Mkomani. Kikao kilipovunjika, binti mmoja akaniuliza, "Shangazi, uongozi ulisomea wapi?" Sikuwa na jibu la haraka. Usiku nikalitafuta, nikaona kwamba sikusomea popote. Nilicho nacho nimekipata jikoni, tena jikoni kwa watu, siku niliyoharibu wali wa harusi.

Nawapa kisa changu, kisha nanyi mlete vyenu. Ombi langu ni moja: msilete ushindi. Ushindi twausikia kila siku majukwaani. Leteni lile mlilolirudia kichwani mpaka likawaonyesha kitu kuhusu nyinyi wenyewe.

Mama yangu mdogo ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko la ukoo wetu miaka mingi. Alipoanza kuumwa miguu alinikabidhi mimi upawa. Asubuhi ya harusi ile niliwapanga wanawake kama askari: wewe vitunguu, wewe nyama, wewe kuni. Palikuwa na bibi mmoja mtu mzima, ambaye wali wa harusi za mtaa haukuepuliwa mpaka aonje yeye. Akanisogelea akasema, "Mwanangu, hizi sufuria mbili kubwa..." Sikumwacha amalize. Nikamwambia, "Bibi, wewe shika uteo uchague mchele, haya mengine niachie mimi." Akakaa.

Kiasi cha saa nne na nusu nikatia chumvi (sisi Waamu twasema munyu) kwenye zile sufuria mbili. Sikujua kuwa binti wa jirani alikuwa ameshatia. Yule bibi alikuwa ameketi hatua tatu kutoka pale, uteo mapajani. Naukumbuka mkono wake: ulisimama juu ya mchele, vidole vimeachana, halafu ukaendelea kuchagua. Jambo lililonichukua miaka kulikiri ni kwamba niliuona ukisimama. Nikajua ana neno. Nikageuka.

Wali haukulika. Wanaume wametoka msikitini adhuhuri, wameketi majamvini wanangoja. Tukakopa mchele nyumba saba, tukapika mwingine bila munyu, tukachanganya, na watu wakala alasiri inakaribia kuadhiniwa.

Wiki nzima nilimlaumu binti wa jirani. Kisha nikamgeukia bibi kimoyomoyo: aliona, mbona hakusema? Nikaenda kwake, hasira yangu nimeifunika kwa sahani ya mkate wa sinia. Nikamuuliza. Akanijibu taratibu bila kisirani, "Asubuhi ulinipa kazi ya uteo. Munyu haukuwa kazi yangu."

Tangu hapo kila shughuli ikisha, kabla ya kugawana ukoko na kurudisha masufuria ya watu, twakaa mkekani na chai. Anaanza kusema aliye mdogo kuliko wote. Mkuu wa jiko husema mwisho. Mara ya kwanza hakuna aliyefungua kinywa. Mara ya tatu msichana wa miaka kumi na sita akanambia kwamba nikiwa na haraka huwa siwaiti watu kwa majina, nawanyooshea upawa. Niliumia sana, lakini alisema kweli.

Tumelelewa na neno muhasaba, mtu kuihesabu nafsi yake. Yako maneno mashuhuri ya Sayyidna Umar, jihesabuni kabla hamjahesabiwa. Nimekua nikidhani hiyo ni kazi ya mtu peke yake na Mola wake, usiku, juu ya mswala. Ni kweli. Ila kwa mwenye kuongoza naona hesabu ya peke yake haitimii, kwa sababu daftari la pili wanalo wale uliowaongoza. Langu lilikuwa halina ule mkono juu ya mchele.

Karibuni.

Nahodha Mstaafu

Waalaykumu salaam Bi. MwanaMkomani. Mimi asili yangu Pate, nimeshika mashua ya abiria miaka ishirini na mbili, ndia (njia) ya Lamu na Faza. Sasa nimekaa bara, niko kwenye kamati ya ufuo, hii iitwayo BMU.

Wapitao Mkanda wajua kuwa mfereji ule kati ya Manda na bara haupitiki kila saa. Maji yakipwa huoni ila matope na mizizi ya mikoko. Nahodha wa ndia ile hafuati saa ya mkononi, afuata maji.

Siku hiyo yalikuwa maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana. Yalijaa saa nne asubuhi, na kimo chake kidogo. Ilinipasa kuondoka gatini mapema. Nikaondoka saa sita unusu. Rafiki yangu mfanyabiashara alikuwa ameniomba nimngojee saruji yake, mifuko arubaini, na mimi nikaona haya kumkatalia. Abiria wamekaa juani. Mzee mmoja akanambia, "Nahodha, maji." Nikamjibu, "Naona."

Omo, mbele ya chombo, nilikuwa na baharia kijana, hodari, na upondo mkononi, apima na kupaza sauti. Tulipoingia mle ndani akaita kuwa kina chapungua. Mimi nikaongeza mashini, nikidhani tutapita kabla hapajakauka. Tukapanda fungu.

Nikasimama tezi, huku nyuma ya chombo, nikamtukana yule kijana mbele ya watu ishirini na kitu. "Huna mato (macho)? Watupeleka wapi?" Yeye amesimama, upondo umenasa topeni, aniangalia tu. Tulikaa pale mpaka saa tatu za usiku maji yalipotuinua. Mbu wa mikokoni mwawajua. Alikuwamo mama na mtoto mchanga.

Kijana alishuka Faza na hakupanda tena chombo changu.

Kisa hiki nimekisimulia barazani miaka, na kila mara nilianzia hapa: "Tulikuwa Mkanda, baharia hakuliona fungu." Mpaka siku moja mjukuu wangu, mtoto wa miaka tisa, akaniuliza, "Babu, mliondoka saa ngapi?" Ulimi ukanikwama. Hesabu yangu yote ilikuwa ikianzia kwenye fungu, na kosa lilianzia gatini, juu ya mifuko arubaini ya saruji. Fungu lilikuwapo pale tangu sijazaliwa. Yule kijana aliliona na akasema.

Kwa hivyo kwenye kamati likizuka jambo, nyavu zimeshikwa au fedha za mnada wa samaki hazilingani, nauliza kwanza: hiki kisa twakianza wapi? Twarudi nyuma hatua moja zaidi ya pale msimulizi atakapo kuanzia. Si mara moja tumerudi hivyo tukakuta mwanzo ni uamuzi wetu sisi wenyewe tulioketi mezani.

Yule baharia sijamtaka radhi. Nasikia yuko Matondoni aunda vyombo.

MwanaMkomani

Nahodha wangu, Matondoni ni kisiwa hiki hiki. Nisamehe kwa kukuingilia, lakini daftari lako la pili liko mwendo wa asubuhi moja tu.

Nahodha Mstaafu

Nimesikia.

Mwalimu_wa_Bara (Malindi)

Hodi jamani. Kisa cha nahodha kimenishika shati. Na mimi kosa langu nililiona kwa kusaidiwa na mtu ambaye sikumtarajia.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku bara ya Malindi. Mtakumbuka shule zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, madarasa machache yakaitwa Oktoba, na wote wakarudi Januari 2021. Kwetu wasichana kumi na mmoja wa madarasa ya juu hawakurudi. Nikafanya nilichokijua. Niliandika barua kwa wazazi, nikazipiga muhuri, nikampelekea chifu nakala, nikafungua faili. Angekuja mkaguzi angelikuta faili safi kabisa.

Januari ikaisha. Siku moja mpishi wetu wa shule akaingia ofisini kuulizia maharagwe. Orodha ilikuwa mezani. Akaisoma kwa kidole, jina baada ya jina. "Huyu yuko Malindi mjini, ameajiriwa yaya. Hawa wawili wamejifungua. Huyu baba mtu hataki, lakini nyanya yake anataka, ukienda muone nyanya." Katika wale kumi na mmoja aliwajua wanane waliko. Mwezi mzima alikuwa akinipitia mlangoni na sufuria yake, na mimi sikumuuliza, kwa kuwa kichwani mwangu habari za wanafunzi ziko kwa walimu wa darasa, na habari za maharagwe ziko kwa mpishi.

Ijumaa hiyo tulipanda boda boda, mimi na yeye. Nyumba ya kwanza tulimkuta msichana ameketi chini ya mkorosho na mtoto mgongoni, anapukuchua mahindi. Alipotuona hakusalimu. Aliinuka akaingia ndani. Nikadhani amekimbia. Akatoka amevaa sketi ya shule. Hakuna aliyemwambia avae. Ilikuwa inambana kiunoni, kifungo hakifungi, ameishika kwa mkono.

Serikali yetu iliruhusu msichana aliyejifungua arudi darasani tangu mwaka 1994, na mwaka 2020 ikatoa miongozo mipya ya namna ya kumpokea. Nilikuwa naijua sera hiyo vizuri. Nayo ilikuwa kwenye faili. Yule mtoto alikuwa haijui, na miezi yote hiyo sketi ilikuwa inangoja.

Walirudi saba. Wanne hatukuwapata, na majina yao ninayo mpaka leo.

Baadaye nilihudhuria mafunzo ya walimu wakuu, tukafundishwa habari za msomi wa Marekani, Donald Schön, ambaye mwaka 1983 alitofautisha kutafakari ukiwa ndani ya kazi na kutafakari baada ya kazi. La kwanza ni lile la fundi anayebadilisha mkono akiona mbao inapasuka. La pili ni la kukaa chini baadaye na kuuliza kwa nini ilipasuka. Nilipenda maneno hayo, lakini mimi nilishayapata chini ya mkorosho. Kila Ijumaa, kabla ya kufunga ofisi, naandika mistari michache, na swali la kwanza ni hili: wiki hii nimemsikiliza nani ambaye cheo chake hakimpi kiti humu ndani? Ziko Ijumaa ambazo naandika "hakuna", na nikiandika hivyo Jumatatu naanzia jikoni.

Nahodha Mstaafu

Mwalimu, huyo Mmarekani angepanda chombo angeelewana na mabaharia. Tanga likiwa juu wafikiri kwa mikono, chombo kikiwa nangani wafikiri kwa kichwa. Kasoro yetu wengi ni kwamba tukitia nanga twenda zetu kulala.

Buti_Kavu (Malindi)

Nilitumikia jeshi miaka kumi na minane, sasa nauza spea za pikipiki. Nataka kuunga mkono lile la Bi. MwanaMkomani la mdogo kuanza.

Jeshini baada ya zoezi mnakaa chini mnapitia. Utaratibu huu ulikuzwa na jeshi la Marekani kuanzia miaka ya 1970, ukaenea kwingi. Maswali ni manne. Tulikusudia nini? Kimetokea nini? Kwa nini vimeachana? Safari ijayo tufanye nini? Vyeo vinawekwa kando kwa hiyo nusu saa, na koplo anaweza kumwambia kapteni kuwa amri ilichelewa.

Ninachoongeza ni wakati. Fanyeni siku ile ile, buti zikiwa bado na tope. Mkingoja wiki moja kila mtu ameshaunda hadithi yake na ndani yake yeye ndiye mwema. Kwenye kikosi chetu tulipoanza kuahirisha mapitio, tulirudia kosa moja mara tatu, na mara ya tatu kijana mmoja alivunjika mguu. Niliyekuwa nikisema "tutapitia kesho" ni mimi.

Bint_Faza

Nawasoma tangu jana na moyo wangu mzito. Mnisamehe nikisema jambo ambalo halitapendeza. Tunasema kana kwamba mtu akipitia magumu lazima awe kiongozi bora. Si lazima. Mimi nimeona magumu yanazaa watu wagumu.

Ni muuguzi. Nilipokuwa mwanafunzi, msimamizi wa wodi ya wazazi alikuwa akinifokea mbele ya wagonjwa. Neno lake lilikuwa, "Hapa si kwenu." Nililia chooni siku nyingi. Nikaapa nikipata cheo sitamfanyia mtu vile.

Miaka tisa baadaye nikawa msimamizi wa zamu, hospitali nyingine kabisa. Usiku mmoja tuna akina mama watano wanasubiri kujifungua na sisi ni wawili. Mwanafunzi akaangusha trei ya vifaa vilivyochemshwa. Nikasikia sauti inasema, "Hapa si kwenu!" Nikageuka kumtafuta aliyesema. Alikuwa ni mimi. Sauti ile ile, hata namna ya kuvuta "kwenu".

Kumbe uzoefu wangu nilikuwa nimeubeba bila kuufungua. Niliuapia, lakini sikuwahi kuukalia na kujiuliza yule mama msimamizi alikuwa na wagonjwa wangapi usiku ule, alilala saa ngapi, nani alikuwa akimfokea yeye. Nilipojiuliza hayo sikumtakasa. Alinikosea. Lakini niliona mahali sauti ile inapoishi: inaishi kwenye uchovu. Sasa nikiona zamu ni nzito nawaambia wenzangu mapema, "Leo nikipaza sauti, mniite jina." Wananiita. Mwanafunzi yule wa trei ndiye wa kwanza aliyeniita.

Mzee_wa_Magarini

Binti yangu, umesema jambo kubwa na nakuunga mkono. Mimi ni Mgiriama, acha nikuletee mfano wa kwetu.

Mekatilili wa Menza, wanasimulia wazee, akiwa msichana aliona ndugu yake akichukuliwa na wafanyabiashara wa watumwa. Uchungu kama huo ungeweza kumfanya mtu wa kujifungia, au wa kuwachukia watu wote. Yeye mwaka 1913, Waingereza walipotaka kodi na vijana wa kufanya kazi, alitembea kijiji kwa kijiji akiicheza kifudu, ngoma ya matanga, watu wakamfuata mpaka Kaya Fungo, msitu wetu mtakatifu, wakala viapo: wanawake kile kiitwacho mukushekushe, wanaume kile kiitwacho fisi. Wakamkamata wakampeleka Kisii, magharibi kabisa ya nchi. Akatoroka akarudi kwa miguu. Wakamkamata tena mwaka 1914.

Watu wakimtaja hutaja ujasiri wake, na wana haki. Mimi hunigusa zaidi ile ngoma. Hakwenda na hotuba. Alikwenda na ngoma ya kuliliana, ambayo kila nyumba ina mtu wake wa kumlilia. Uchungu wake ukakutana na wa wenzake. Nimekuwa mzee wa kijiji miaka mingi, na nikienda kusuluhisha ugomvi wa shamba sianzi na mpaka. Naanza kwa kuuliza ni nani aliyezikwa pale. Sikuanza hivyo. Nilianza na kamba ya kupimia, na ugomvi wangu wa kwanza uliishia kwa mapanga, mtu akapoteza vidole viwili. Yule mtu bado yuko. Tukisalimiana ananipa mkono huo huo.

Mkandaa (Mida)

Mzee, shikamoo. Sina kisa kizito kama vyenu lakini nakileta, kwa sababu kinahusu uongo ambao ni kweli.

Nilikuwa mwenyekiti wa vijana wanaopanda mikoko hapa Mida, kusini ya Malindi. Mfadhili alitaka idadi. Nikachagua mahali patupu upande wa maji makubwa, kwa kuwa pale kazi ni nyepesi, unatoboa tope unachomeka mbegu ya mkoko, ile ndefu kama kalamu. Asubuhi moja tulichomeka 2,000. Picha zikapigwa, fulana mpya, kila mtu anacheka.

Mama mmoja anayevua kaa akapita na ndoo yake. Akasimama kidogo akasema, "Wanangu, hapo ni pa mlilana, si pa mkoko." Nikamshukuru kwa adabu zote. Tukaendelea.

Anayeishi kando ya hori anajua kila mti una pake. Mlilana unakaa mbele kabisa unapokea mawimbi, mkoko nyuma yake, mkandaa nyuma zaidi kuelekea nchi kavu. Nami nilikuwa najua, nimezaliwa hapa. Kusi ilipovuma ikafagia. Mwezi wa sita nikaenda peke yangu kuhesabu. Iliyo hai ilikuwa 31.

Ripoti nilikuwa nimeshaipeleka: "Miche iliyopandwa, 2,000." Hakuna neno la uongo. Niliisoma tena nimekaa kwenye mtumbwi na nikaona haya mwili mzima. Nilikuwa nimewafundisha vijana kumi na wanane kwamba kazi inaisha picha ikipigwa.

Niliwaita kwanza wao, nikawaambia namna nilivyochagua pale mahali na kwa nini. Kisha nikamwandikia mfadhili barua ya pili. Wiki tatu kimya. Mweka hazina wetu hakuzungumza nami siku hizo zote, na sikumlaumu. Halafu jibu likaja, wakiuliza tungependa kupanda wapi. Nikaenda kwa yule mama wa kaa. Sasa yeye ndiye anayetuonyesha mahali, na daftari letu lina safu moja tu tunayoihesabu: iliyo hai.

Mgeni_wa_Kiti (Lamu)

Shangazi MwanaMkomani, mimi ndiye binti niliyekuuliza swali barazani. Nimesoma yote. Wiki ijayo nakabidhiwa daftari la mikopo la chama cha vijana wa kike na naogopa. Nikijihesabu kila siku hivi si nitajiona sifai kitu?

MwanaMkomani

Mwanangu, swali lako ni zuri na wengi hatulisemi.

Iko hesabu na uko msuto. Nafsi ikikusuta itakwambia "wewe ni mtu mbaya", basi, inanyamaza hapo. Haikwambii saa ngapi, wala sufuria gani, wala nani alikuwa ameketi karibu. Mimi nilijisuta miezi kadhaa na sikubadilika hata kidogo, nilizidi kuwa mkali tu, kwa sababu nilikuwa nimeumia. Nilianza kubadilika nilipolitazama jambo moja dogo, ule mkono. Kwa hiyo ukikaa jioni na daftari lako, tafuta jambo moja. Nani alitaka kusema ukamkata? Nani alilipa kwa shida na hukumuuliza hali? Andika moja, ulale.

Na jambo la pili: usihesabu peke yako kwa muda mrefu. Tafuta mwenzio wa kukwambia. Mimi sasa niko karibu, njoo na chai yako.

Bint_Faza

Na zamu ikiwa nzito waambie wakuite jina.

Nahodha Mstaafu

Assalamu alaykum. Nimekwenda Matondoni.

Nilikwenda jana baada ya alfajiri. Nimemkuta ufuoni, amelala chali chini ya mashua, apigilia misumari. Si kijana tena, ana mvi. Alipotoka chini akanitambua kabla sijasema.

Nikamwambia nimekuja kwa habari ya siku ile ya Mkanda. Nikamhesabia tangu gatini, saruji, saa sita unusu, yule mzee aliyesema maji, wewe uliita na mimi nikaongeza mashini, kisha nikakutukana. Nikamtaka radhi. Alikuwa amekishika kinyundo chake, akigeuza geuza. Akanambia, "Nahodha, matusi niliyasahau. Nilishuka kwa sababu mshahara wa safari ile hukunipa."

Wallahi nilikuwa sikumbuki. Nimekaa na kisa hiki miaka yote hiyo, nimekihesabu mbele na nyuma, na hilo halikuwamo katika daftari langu. Nikampa pale pale nilizokuwa nazo mfukoni. Akazihesabu, akachukua sawa na za safari moja ya zamani zile, nyingine akanirudishia.

Kisha akanambia jambo la pili ambalo pia nilikuwa nimelisahau. Kuwa usiku ule maji yalipoanza kurudi, mimi niliteremka nikasimama topeni, maji kiunoni, nikakishika chombo kisilale ubavu mpaka kikaelea, na shati langu nilimpa yule mama amfunike mtoto kwa mbu. Akasema, "Mimi naendesha vijana wanne hapa, na wao nawasimulia hilo. Matusi siwasimulii."

Tulikunywa chai. Nilipoinuka akanambia amesikia mashua yangu yavuja ubavu wa kulia, niilete aikalafati kabla ya kusi. Nitaipeleka bamvua likija, maji yakijaa sana.